Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu m2, cjui, pa1 na wenzao

Ukurasa huu unahusu ule uandishi ambao herufi moja au tarakimu moja inashika nafasi ya silabi nzima kwa sababu ukiitamka inasikika vilevile: m2 ni mtu, cjui ni sijui, pa1 ni pamoja. Wapo wanaouandika kila siku bila kuufikiria, wapo wazazi wanaoukuta kwenye simu wakashindwa kuusoma, na wapo walimu wanaokutana nao kwenye insha. Maswali yao ndiyo haya.

Nimepokea ujumbe na sielewi kitu. Unasomwaje?

Tuchukue ujumbe wa kawaida kabisa:

"Mambo vp? Cc 2po pa1 nyumban. J3 6kuja kazn, cjickii vzur. Mwambie bosi acnitafute kwny cm, ntampgia mwnyw. Cna la zaid, 2taonana."

Usome kwa sauti, siyo kwa macho. "Mambo vipi? Sisi tupo pamoja nyumbani. Jumatatu sitakuja kazini, sijisikii vizuri. Mwambie bosi asinitafute kwenye simu, nitampigia mwenyewe. Sina la zaidi, tutaonana."

Humo mna mambo mawili yaliyochanganyika. La kwanza ni kudondosha irabu: nyumban, kazn, kwny, mwnyw. Hilo ni kufupisha tu, kama karani anavyoandika haraka. La pili ni kuazima sauti ya herufi au tarakimu: cc, 2po, pa1, 6kuja. Hili la pili ndilo ninalolipenda na ndilo tunalolizungumzia hapa. "Cm" iko katikati: C imeleta "si", na M imebaki bila U yake.

Kwa nini 2 inasomwa "tu" kwa Kiingereza, halafu 3 inasomwa "tatu" kwa Kiswahili?

Kwa sababu mwandishi ana lugha mbili kinywani na anachukua ile inayomfaa pale pale. "Mbili" ni vigumu kuipata ndani ya maneno mengine. Lakini sauti ya Kiingereza ya tarakimu hiyo ni "tu", na "tu" ni miongoni mwa silabi zenye kazi nyingi kuliko zote katika Kiswahili.

Hebu hesabu kazi zake. Ni kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi: 2mefika, 2taonana, 2pendane. Ni kiambishi cha yambwa: ana2pigia, ame2ona. Ni neno zima lenye maana ya "peke yake" au "basi": leo 2, wewe 2. Ni shina la mtu, watu, kitu, vitu na utu: m2, wa2, ki2, vi2, u2. Na imo ndani ya maneno yasiyo na uhusiano wowote na hayo: ma2nda, ki2o, m2me. Hakuna tarakimu nyingine iliyobahatika hivyo.

Kwa 1, 3, 5, 6, 7, 10 na 100 mambo yanageuka. Sauti zake za Kiingereza hazifanani na silabi zetu, kwa hiyo tunarudi nyumbani: moja, tatu, tano, sita, saba, kumi, mia. Namba 4 inaenda huku na huku. Mwanafunzi akiandika "4m 4" anataka usome ya kwanza "fo" ili upate "fomu", na ya pili ni kidato chenyewe.

Hakuna aliyekaa akapanga kanuni hizi. Zimejipanga kwa kutumika, na ajabu ni kwamba msomaji hakosei. Akiona ma3 hasomi "mathrii" isipokuwa ameamua, na akiona wa2 hasomi "wambili".

Na C imetoka wapi?

Kwa Kiingereza jina la herufi hiyo ni "sii". Lakini hilo peke yake halitoshi, kwa sababu B nayo ni "bii", D ni "dii", T ni "tii", na bado watu hawaandiki "bd" kwa ajili ya "bidi". Sababu kubwa ni kwamba C katika Kiswahili sanifu haina kazi peke yake. Ipo kwenye CH tu. Ukiikuta imesimama bila H unajua mara moja kwamba kuna jambo. B, D na T zina kazi zake za kila siku. Ukizipa na kazi ya kubeba irabu, msomaji hatajua ni sauti nzima au ni irabu iliyodondoshwa. P na V zilipenya kupitia "vp", kwa kuwa salamu hiyo inajulikana na kila mtu, lakini nje ya hapo hazikuenda mbali.

C iliyokuwa haina kazi ikapewa kazi kubwa mno: kukanusha. Cjui, cna, cpo, ctaki, cjambo. Katikati ya kitenzi pia: ucende, acnitafute, 2cgombane. Mwishoni: bac, kac, nafc. Mwanzoni mwa nomino: cku, cmu, cmba.

Kuna mahali inakwama, na ni vizuri ulijue. Kitenzi kikianza na H, C hugeuka CH. "Sihitaji" ukiiandika "chitaji", msomaji anatamka kitu kingine kabisa. "Sihami" inakuwa "chami". Waandishi wazoefu hapo huandika "si" kamili bila hata kuambiwa, na hilo linaonyesha kwamba sikio lao linafanya kazi wakati vidole vinaandika. Vilevile C haiwezi kuwa "se". "Sema" haiwi "cma". Hiyo ni "sima".

Si ni uvivu wa kubonyeza tu?

Watu wengi husema hivyo, na nadhani wamekosea nusu. Wakumbuke zile simu za vitufe ambako herufi tatu au nne zilikaa kitufe kimoja: ABC kwenye 2, TUV kwenye 8, PQRS kwenye 7, WXYZ kwenye 9. Kupata S ulibonyeza mara nne. Kupata I, mara tatu. Kwa hiyo "sijui" ilikuwa mibonyezo 13, na "cjui" 9. "Vipi" ilikuwa 10, "vp" ikawa 4. Hapo nafuu ipo.

Lakini chukua "mtu". M mara moja, T mara moja, U mara mbili: jumla 4, na kusubiri kidogo katikati kwa sababu T na U zinakaa kitufe kimoja. "M2" ni M mara moja kisha kitufe cha 2 mara nne, A, B, C, ndipo tarakimu ije: jumla 5. Ungeweza kukibonyeza na kukishikilia kwenye simu nyingi, lakini hapo nako unasubiri. Kwa hiyo kidole hakikupata nafuu yoyote ya maana. Kilichopungua ni nafasi: herufi tatu zimekuwa mbili.

Na nafasi ilikuwa na bei. Ujumbe mfupi wa simu ulipangwa ubebe baiti 140, na kwa herufi za kawaida zinazochukua biti 7 kila moja unapata herufi 160. Ukizidi, unalipia ujumbe wa pili. Ujumbe wa kwanza wa aina hiyo ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, ukiwa na salamu ya Krismasi tu. Baada ya hapo kila taifa lililopata simu za mkononi lilibuni njia yake ya kujibana ndani ya 160.

Sasa bei hiyo haipo tena kwa wengi wetu. Tunaandika kwenye simu za kugusa, ujumbe unapita kwenye intaneti bila kuhesabiwa herufi, na kibodi yenyewe inajaribu kukumalizia neno. Mbona pa1 haijafa? Kwa sababu watu wanaipenda. Inachekesha kidogo, inaonyesha ukaribu, na inampa msomaji kazi ndogo ya kufumbua. Mchezo umebaki ingawa sababu ya kuuanza imekwisha.

Je, "xaxa", "lkn" na "ww" ni vitu hivyo hivyo?

Hapana. "Lkn" ni lakini bila irabu. "Ww" na "yy" ni wewe na yeye, silabi inayojirudia ikiandikwa kwa herufi yake ya kwanza. Hakuna sauti iliyoazimwa.

"Xaxa" ni jambo jingine tena. X haisikiki "s" kwa jina lake, wala Kiswahili hakina herufi hiyo. Lakini rudi kwenye vitufe: S ni mibonyezo minne, X ni miwili. "Sasa" ni mibonyezo 10, "xaxa" ni 6. Nadhani hapo ndipo ilipoota mizizi, kisha ikawa pambo la vijana hata kwenye simu zisizo na vitufe.

Hiyo 6 ya "6ki" na "6kuja" inafanyaje kazi?

Hii kwangu ndiyo bora kuliko zote. Katika Kiswahili, kukanusha wakati ujao kwa nafsi ya kwanza ni "si" na "ta" vikifuatana: sitalala, sitakoma, sitachelewa. Viunganishe viambishi hivyo viwili unapata "sita", sauti ile ile ya namba. Maana yake ni kwamba 6 inaweza kukaa mbele ya karibu kitenzi chochote: 6lala, 6koma, 6chelewa, 6kusahau. "6ki" nayo ni sitaki, ingawa pale "ta" ni sehemu ya kitenzi chenyewe, siyo alama ya wakati.

Ni tarakimu moja inayosema nani, inasema hapana, na inasema lini.

Tarakimu gani nyingine zinafaa?

Hapa pana utajiri ambao haujachimbwa. Baadhi ya haya utayakuta yameandikwa, mengine ninayaweka mezani ili yatumike.

1 ni ya umoja: u1, pa1, m1, 1 kwa 1.

3 inaingia kwenye kutatua: 3a, ume3a, u3zi. Nayo imo kwenye chombo maarufu cha usafiri cha Kenya, ambacho kina swali lake hapa chini.

5 inapenda nomino zinazotokana na vitenzi na kuishia na "tano": mku5, maku5, mapa5, mvu5, mfua5. Haiwezi kuingia kwenye "mapambano" wala "mapigano", kwa sababu hapo hakuna T. Ukitaka kujua kama neno linakubali, litamke polepole.

7 inatoa 7bu kwa "sababu", na 7lkheri kwa salamu ya asubuhi ya watu wa pwani.

8 ni ngumu. "Nanenepa" inaweza kuwa 8nepa, na "nanena" ikawa 8na. Zaidi ya hapo sijaona lenye ladha.

10 hufungua vitenzi vinavyoanza na "kumi": 10liki, 10mina.

100 ni hazina. Vitenzi vingi huishia na "mia": tu100, ha100, za100, lala100, taza100, anga100, sali100. Na mnyama wa jangwani ni nga100. Ila angalia usitumie 2 na 100 pamoja kwenye neno "tumia". Itakuwa 2100, na mtu atadhani unamtajia bei.

9 na 1000 nimezizungusha sana sikupata kitu cha kujivunia. Mwenye nazo azilete.

J2, J3, J4, J5: ni siku gani?

J2 ni Jumapili, J3 Jumatatu, J4 Jumanne, J5 Jumatano. J1 ingekuwa Jumamosi, kwa maana ya mosi, lakini wengi huandika "Jmosi" ili kuepuka mkanganyiko.

Mkanganyiko wenyewe ni huu. Kwa hesabu ya Kiswahili juma linaanza Jumamosi, ndiyo maana Jumatatu ni siku ya tatu. Mtu aliyezoea kalenda za ofisini zinazoanza na Monday akiona J1 anaweza kudhani ni Jumatatu. Halafu kuna tano mbili: Jumatano ni ya tano kwa Kiswahili, na Alhamisi inatokana na tano ya Kiarabu. J5 ni Jumatano siku zote. Alhamisi haina tarakimu, iandike "Alh".

Siku za taifa nazo zimejengwa hivyo hivyo. Nchini Tanzania 7/7 ni Sabasaba na 8/8 ni Nanenane, sikukuu ya wakulima. Sabasaba ilianzia kwenye kuzaliwa kwa chama cha TANU tarehe 7 Julai 1954. Wakenya nao wana Saba Saba yao, ya maandamano ya kudai vyama vingi ya tarehe 7 Julai 1990. Mwaka 2021 UNESCO ikaitangaza tarehe hiyo hiyo kuwa Siku ya Kiswahili Duniani.

Ma3 ni nini?

Ni matatu, gari la abiria la Kenya. Tarakimu ilikuwa ndani ya jina tangu mwanzo: nauli ya zamani ilikuwa senti thelathini, yaani mapeni matatu ya senti kumi kumi, na jina likabaki hapo hata nauli ilipopanda. Kuandika ma3 ni kuirudisha hesabu hiyo mahali pake. Vijana wa Nairobi wamekwenda hatua moja zaidi, husema "mathree" kwa mdomo, na kuna programu ya taarifa za barabarani inayoitwa Ma3Route.

Ni wapi inaleta utata wa kweli?

Kwenye hesabu, na hasa kwenye pesa. Soma hizi:

"Nakuja na wa2 2." Ni watu wawili, au ni watu tu bila mizigo?

"Zimebaki cku 2." Ni siku mbili, au ni siku tu, siyo miezi?

"Nina elfu 2." Shilingi elfu mbili, au elfu moja na si zaidi?

Kama ujumbe una kiasi, tarehe au saa, andika "tu" kwa herufi. Ningependa hili lishikwe kuliko ushauri mwingine wowote hapa. Mwenye duka anayeagiziwa "maji katoni 2" hana njia ya kukusoma mawazo.

Utata mwingine ni wa kuchekesha zaidi. "2mbi" inaweza kuwa tumbi, au, kwa anayesoma 2 kwa Kiswahili, mbilimbi.

Ndugu zangu wa Uarabuni wananiandikia 7abibi. Hiyo saba inatoka wapi?

Siyo mchezo huu. Waarabu wanaoandika lugha yao kwa herufi za Kilatini hutumia tarakimu kwa umbo lake, si kwa sauti. 7 inafanana na ح, 3 inafanana na ع ikigeuzwa, na 2 hukaa mahali pa hamza. Kwa hiyo 7abibi ni "habibi". Waswahili walioko Muscat na Dubai wanaishi na mifumo yote miwili kwenye simu moja, na wanajua kwa muktadha lini saba ni umbo na lini ni sababu.

Vilevile usiichanganye na 786 inayoandikwa kwenye magari na maduka ya baadhi ya Waislamu. Hiyo ni jumla ya thamani za herufi za Bismillahi kamili kwa hesabu ya abjadi, ambayo alifu ni 1, be ni 2, jimu ni 3, dali ni 4, na kuendelea. Pale namba ni jumla, haina sauti.

Wengine duniani wanafanya hivi?

Sana. Wajerumani huagana usiku kwa "gute N8", kwa kuwa nane yao ni "acht" na usiku ni "Nacht". Waitaliano huuliza "c6?", yaani "upo?", kwa sababu sita yao ni "sei", ambayo pia ina maana ya "wewe ni". Inafurahisha kwamba sita imepata kazi ya kisarufi kwao na kwetu, kila mmoja kwa njia yake. Wahispania humaliza barua kwa "salu2", yaani "saludos", salamu, kwa kuwa mbili yao ni "dos". Wapoland huagana kwa "3maj się", yaani "trzymaj się", kwa kuwa tatu yao ni "trzy". Wanigeria wameigeuza nchi yao, wanayoiita Naija, kuwa 9ja, kwa "nine" ya Kiingereza.

Wajapani walifika mbali kabla ya simu za mkononi. Miaka ya 1990 vijana wao walikuwa na peja, vifaa vidogo vya mfukoni vilivyopokea tarakimu tu, wakazungumza kwa tarakimu hizo hizo. 39 husomeka "sankyuu", asante ya Kiingereza kwa matamshi yao. 4649 ni "yoroshiku", neno la heshima la kujikabidhi kwa mwenzako. Wachina huandika 520 kwa "nakupenda" kwa kuwa sauti zinakaribiana, na tarehe 20 Mei imekuwa siku ya wapenzi. Wathai wakicheka huandika 555, maana tano kwao ni "ha".

Na huko Kongo?

Hapo msingi ni Kifaransa, na kila kitu kinabadilika. Aliyesoma kwa Kifaransa huko Lubumbashi au Bukavu anaijua C kama "se" na 2 kama "deux", inayosikika karibu na "de". Kwake "cjui" inavuta kuelekea "sejui", na "2po" haiendi popote. Kwa upande mwingine K kwake ni "ka", sauti yenye kazi nyingi katika Kiswahili, ambayo sisi wa upande wa Kiingereza hatuna kwa sababu K yetu ni "kei". Wafaransa wenyewe wameitumia zamani: K7 ni kaseti, maana saba yao ni "set". Ukiwa na rafiki Mkongo, usidhani m2 ni dhahiri kwake.

Huu ni ugunduzi wa kizazi cha simu?

Mbinu yenyewe ni ya zamani kuliko alfabeti. Wasumeri, watu wa kale wa eneo la Iraki ya leo, walikuwa na picha ya mshale, uliotamkwa "ti". Neno la uhai nalo lilitamkwa "ti", na uhai hauchoreki, basi wakachora mshale. Misri, kwenye bamba la jiwe la mfalme Narmer la miaka kama 3100 kabla ya Kristo, jina lake limeandikwa kwa kambare na tindo: kambare alitamkwa "nar", tindo "mer". Anayeandika m2 leo anafanya alichofanya mchongaji yule, kuchukua alama ya kitu kimoja kwa ajili ya sauti ya kingine. Kwa njia hiyo binadamu alitoka kwenye kuchora vitu akafika kwenye kuandika lugha.

Inaharibu Kiswahili cha watoto?

Ninaelewa hofu ya walimu, na kwenye mtihani hakuna mjadala: insha iandikwe kwa tahajia kamili, na anayeandika "cjui" akatwe alama. Lakini sikubali kwamba mtoto huyo hajui lugha. Tazama "ucende". Ili aandike hivyo ameikata "usiende" mahali sahihi kabisa: u ya nafsi, si ya kukanusha, ende ya kitenzi. Hajaikata "us-iende". Ndivyo vitabu vya sarufi vinavyomtaka akate, na kwenye ubao mara nyingi anashindwa kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba anaijua tayari.

Ningekuwa darasani ningewaandikia ubaoni 2cende, ana2pigia, 6chelewa na cjickii, niwaambie waziandike kwa ukamilifu kisha wataje kila kiambishi na kazi yake. Kwenye "cjickii" C ya kwanza ni kikanushi na ya pili ni sehemu ya mzizi. Hapo pana somo zima la dakika arobaini.

Linaloniogopesha mimi ni jingine: mtu mzima ambaye hawezi tena kuandika barua ya maombi ya kazi bila "nmefrah". Dawa yake ni kuandika vyote viwili mara kwa mara na kujua kipi kinakwenda wapi.

Nimwandikie nani hivi, na nani nisimwandikie?

Rafiki, ndugu wa rika, mpenzi, kundi la mtaa: andika upendavyo. Mama mkwe, mwalimu, mzee wa ukoo, shehe au padri: andika kamili. "Xkamoo mama" ni salamu iliyokatwa miguu. Shikamoo inatakiwa ifike nzima, na mtu mzima anaiona tofauti hata asiposema. Yeye akianza kukuandikia "2po salama mwanangu", na wapo mama na bibi wanaoandika hivyo kwa raha kabisa, bado wewe mjibu kwa ukamilifu.

Rambirambi na habari za ugonjwa ziandikwe kwa maneno mazima, kwa yeyote yule.

Natuma ujumbe kwa watu wengi. Nitumie mtindo huu?

Kwa tangazo la tamasha au bidhaa za vijana, kidogo inapendeza. Kwa maelekezo ya dawa, malipo au dharura, kamwe. Wasioona hutumia programu zinazosoma skrini kwa sauti, na programu hiyo ikikuta "2taonana" inatamka "mbili taonana" au kitu kibaya zaidi. Anayetafuta neno "kituo" hatapata tangazo lililoandikwa "ki2o".

Na kama tatizo lako ni kubana herufi, kagua kwanza kibainishi cha "ng'ombe" na "ng'ambo". Kile kilichonyooka kimo kwenye seti ya kawaida ya ujumbe mfupi. Kile kilichojikunja, ambacho programu nyingi za kuandikia hukiweka zenyewe, hakimo. Kikiwemo kimoja tu, nafasi yako inashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Utaokoa zaidi hapo kuliko kwenye kugeuza watu kuwa wa2.

Nataka kutunga yangu. Nianzie wapi?

Anza na sauti, mdomoni, kabla hujagusa simu. Tamka neno silabi kwa silabi na sikiliza kama kuna namba imejificha humo. Kisha mpe mtu mwingine alisome bila maelezo. Akisita, limeshindwa. Usiweke zaidi ya mbili kwenye neno moja mpaka uwe umemzoea msomaji wako, na usichanganye tarakimu mbili zinazogusana, zitasomwa kama namba moja kubwa.

Nipe mafumbo nijipime.

Haya tisa, kutoka rahisi hadi gumu:

U1
ma2c
Ume3a
10liki
2cende mku5ni
cma100
8nepa
2sali100ne
U1 wa wa2 hauna 7bu ya ku6

Majibu: umoja, matusi, umetatua, kumiliki, tusiende mkutanoni, simamia, nanenepa, tusalimiane, umoja wa watu hauna sababu ya kusita.